Barabara Iliyokufa kwa Lori Bado Ina Wapitaji

Shabunda haijawahi kupitiwa na treni. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo; eneo lake, zaidi ya kilomita za mraba 25,000, linakaribia ukubwa wa nchi nzima ya Rwanda, lakini stesheni ya jirani iko Kindu, mkoa mwingine, ng'ambo ya misitu na mito. Msomaji ana haki ya kuuliza: habari za kugeuza reli zilizoachwa ziwe njia za miguu na baiskeli zinamhusu nini Mrega, mwenyeji wa Kigulube au wa Lulingu wilayani humo? Jibu langu ni kwamba zinamhusu sana, pengine kuliko zinavyomhusu Mzungu anayetoka na baiskeli yake Jumapili asubuhi. Shabunda inacho kitu kilekile ambacho nchi nyingine zilibaki nacho reli zilipozimika: njia ndefu iliyopimwa na wahandisi, ikachongwa kwa jasho la watu wengi, ikawekewa matuta, mitaro na madaraja, kisha ikaachwa. Tofauti ni kwamba kwake iliyoachwa ni barabara ya gari. Hoja ya makala haya ni kwamba njia ya namna hiyo isiachwe ife mara ya pili huku watu wakingoja malori yarudi. Ikabidhiwe sasa hivi kwa waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki, kwa sheria na kwa fedha, ihesabiwe kuwa njia kamili.

Wazo lenyewe lilizaliwa kwenye reli. Baada ya vita vya pili vya dunia, malori na magari madogo yalizinyang'anya reli abiria na mizigo, na nchi nyingi zikaanza kuzifunga zile ndogo. Uingereza, ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963 ilipendekeza stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kati ya miji midogo ya Elroy na Sparta, njia ya treni iliyoachwa iligeuzwa kuwa ya baiskeli mwaka 1967, pamoja na mahandaki yake matatu. Kati ya Bristol na Bath watu wa kujitolea walianza mwaka 1979 kuitengeneza njia ya reli iliyofungwa, kipande kwa kipande, wakamaliza mwaka 1986. Hispania iliingia mwaka 1993. Leo Marekani peke yake ina zaidi ya kilomita 40,000 za njia kama hizo.

Wengi husifia miti na ndege waliopo kando ya njia hizo. Mimi naona siri yake ni mwinuko. Treni haipandi mlima: gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, kwa hiyo mhandisi hulazimika kuukata mlima, kulijaza bonde au kuzunguka mbali, mradi njia isipande zaidi ya mita moja au mbili kwa kila mita mia. Sasa chukua baiskeli ya mizigo, au kinga kama wanavyoiita wengi Kongo, ambayo pamoja na shehena yake ina uzito wa kilo 120. Kwenye mkato wa milimani unaopanda mita kumi kwa kila mita mia, anayeisukuma anapambana na kilo 12 zinazotaka kumrudisha nyuma kwa kila hatua, ukiacha uzito wa mwili wake mwenyewe. Kwenye tuta la reli linalopanda mita moja na nusu kwa mia, kilo hizo zinashuka hadi chini ya mbili. Ndiyo sababu watu wa Kibera, jijini Nairobi, hutembea juu ya reli kwenda kazini hata pale ambapo treni bado inapita: hakuna njia iliyonyooka na tambarare kama hiyo. Aliyepima njia kwa ajili ya mashine nzito alimpimia bila kujua mtu mwenye mzigo.

Mfano wa Ubelgiji ndio unaotugusa zaidi. Nchi hiyo ilikuwa na mtandao mnene wa reli nyembamba za vijijini zilizoitwa vicinaux. Nyingi zilifungwa kuanzia miaka ya 1950. Katikati ya miaka ya 1990 jimbo la Wallonia likaanzisha mpango wa RAVeL, jina ambalo ukilifasiri ni mtandao wa njia za mwendo wa polepole, likaunganisha matuta ya reli za zamani na kingo za mifereji ya majahazi. Njia moja ya Vennbahn, yenye urefu wa kilomita 125, inatoka Aachen, Ujerumani, inapita Ubelgiji na kuishia Luxemburg. Neno hilohilo la vicinaux lilikuwa limevuka bahari na kuja Kongo. Vicicongo, reli ya upana wa sentimita 60 tu kati ya chuma na chuma, ilianza kujengwa mwaka 1924 na kufika Mungbere mwaka 1937, ikibeba pamba ya Uele kwenda Aketi. Ilikuwa ndugu wa zile za vijijini mwa Ubelgiji kwa jina na kwa umbo. Kule, tuta lilibaki kuwa ardhi ya umma hata baada ya treni ya mwisho, nalo likapewa kazi mpya. Huku, sehemu kubwa imemezwa na msitu, na wanaopita juu yake hupita kwa juhudi zao wenyewe. Utajiri umechangia tofauti hiyo, sikatai. Lakini kabla ya fedha kulikuwa na uamuzi mmoja wa kiserikali ambao haugharimu mfuko wa saruji: kwamba njia ni mali ya watu wote, iwe na chombo au isiwe nacho.

Tuje Shabunda. Barabara yake ya kihistoria inatoka Bukavu, inapita Walungu na Burhale, inashuka Nzibira, inaingia msituni hadi Kigulube, ndipo inafika Shabunda kwenye mto Ulindi, safari ya zaidi ya kilomita 300. Upande wa pili njia inaendelea kuelekea Kalima na Kindu. Ilijengwa wakati wa ukoloni kwa kazi ya lazima, watu wakitolewa vijijini kwa amri ili kukata udongo na kubeba mawe. Malori ya wakati ule yalikuwa na injini dhaifu, kwa hiyo waliopima barabara walitafuta miteremko ya taratibu kadiri milima ilivyowaruhusu, karibu kwa mtindo wa mwenye reli. Baadaye kampuni ya madini ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 na kuwa na machimbo hadi Lulingu, ilikuwa na sababu zake za kutunza barabara, maana kasiterite, yaani mawe ya bati, ilihitaji kutoka. Bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985 kampuni ikadhoofika. Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Madaraja yalianguka, mitaro ikaziba, maji yakajichimbia njia katikati ya barabara, na malori yakaacha kufika.

Watu hawakuacha kupita. Mwenye baiskeli ya mizigo haipandi. Hufunga kijiti kirefu kwenye usukani na kingine nyuma ya tandiko, husimama upande mmoja, mkono mmoja ukiongoza na mwingine ukisukuma. Madumu ya mawese hufungwa pembeni kwa mipira ya tairi, gunia hulazwa juu. Anapofika penye dimbwi ambako malori ya zamani yalizama na kuacha shimo, gurudumu huingia hadi kwenye ekseli. Hapo kamba zote hufunguliwa, madumu huvushwa moja moja kichwani, baiskeli hubebwa begani, na ng'ambo ya pili mzigo hufungwa upya. Kwenye mto ambako daraja limebaki gogo moja lenye utelezi, kazi ni hiyohiyo, na hapo anayeteleza hapotezi muda tu, hupoteza mtaji wote wa mwezi. Ukilitazama jambo hili kwa makini utaona kwamba safari ya mtu huyu haipimwi kwa kilomita. Inapimwa kwa idadi ya mahali anapolazimika kuushusha mzigo. Kati ya sehemu hizo njia mara nyingi inapitika vizuri. Kwa hiyo anachohitaji si lami ya kilomita 300. Anahitaji dimbwi la hatua hamsini likaushwe, gogo lipate mwenzake na mhimili wa kushika, mtaro ufunguliwe ili maji yatoke kando.

Hapa ndipo uchumi wa Shabunda unapoingia. Lori lilipoacha kufika, ndege ndogo ndiyo iliyobaki kuwa kiungo na masoko. Ndege hutoza kwa kilo, na tozo hiyo huchagua nini kitoke na nini kioze. Dhahabu, koltani na kasiterite zinaweza kulipa nauli ya angani na bado zikaacha faida. Mchele, mawese, karanga na muhogo haviwezi. Chumvi na sabuni zinazokuja kutoka mjini hufika na bei iliyobeba nauli hiyohiyo. Matokeo yake ni kwamba kijana mwenye nguvu, akifanya hesabu ya kawaida kabisa, huacha shamba na kwenda machimboni, kwa kuwa alichokilima hakina mnunuzi wa kukifikia. Tumezoea kusema Shabunda ni nchi ya madini. Ni kweli ardhini, lakini sokoni imefanywa hivyo na kukosa njia. Njia ya baiskeli haiwezi kushindana na lori kwa wingi wa shehena. Inachoweza ni kushusha gharama ya kilo moja ya mchele hadi mahali ambapo mkulima anaona inafaa kuulima.

Ushahidi kwamba kazi ndogo za namna hii huleta faida kubwa upo, na umepimwa. Wachumi Wyatt Brooks na Kevin Donovan walichunguza vijiji vya Nicaragua vilivyokuwa vinakatwa na mafuriko, wakilinganisha vilivyojengewa madaraja ya miguu na vile ambavyo havikujengewa. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2020, kipato cha vibarua kilipanda kwa karibu asilimia 36 na faida ya mashamba kwa karibu asilimia 75. Madaraja yale hayapitishi gari hata moja. Faida ilitokana na uhakika: mtu alijua atafika sokoni hata mvua ikinyesha, hivyo aliweza kununua mbolea na kulima zaidi bila kuogopa kubaki na mavuno mkononi. Nepali imejenga maelfu ya madaraja ya miguu yanayoning'inia kwa nyaya za chuma, na Rwanda, jirani kabisa na Bukavu, imejenga ya kwake katika vilima vinavyofanana na vya Walungu. Nalo si jambo geni kwa watu wa misitu ya Kongo, waliovuka mito yao kwa madaraja ya kamba za mwituni kabla mhandisi yeyote hajafika.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani leo. Njia inayotumika hailiwi. Mashariki mwa Kongo kuliwahi kuwa na reli fupi iliyotoka Uvira ikapanda bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, karibu kilomita 90, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ilikusudiwa kuunganisha Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu, lakini kati ya maziwa hayo mawili kuna tofauti ya kimo ya karibu mita 700, na nyingi kati ya hizo ziko juu ya Kamanyola, kwenye magenge ya Ngomo. Reli haikuyapanda, na ilizimwa kabla ya uhuru wa 1960. Uganda inatoa funzo chungu zaidi: reli ya Kampala hadi Kasese ilikamilika mwaka 1956, ikaacha kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo vyuma vimeibwa, nyumba zimejengwa na mashamba yamelimwa juu ya ardhi yake. Leo anayetaka kuirudisha anakutana kwanza na familia zinazodai fidia, tena kwa haki. Tanzania, kinyume chake, ilipoamua kuifufua reli ya Tanga, Moshi na Arusha, iliyolala kwa zaidi ya miaka kumi, iliikuta njia ipo, na mwaka 2020 treni ikafika tena Arusha. Wamarekani waliliweka jambo hili kwenye sheria mwaka 1983: reli iliyoachwa inaweza kugeuzwa njia ya miguu na baiskeli kwa sharti kwamba ikihitajika tena kwa treni, itarudishwa. Njia ya miguu inakuwa mlinzi wa ardhi. Nasi tunao mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanzania kupita Burundi, ambao waliouandaa wanazungumzia kuifikisha Uvira na hata Kindu. Itakapofika zamu ya kupima njia kati ya Uvira na Kindu, kilomita yoyote ya barabara ya zamani iliyobaki wazi na kuandikwa kuwa mali ya umma itakuwa akiba.

Yapo mapingamizi, na yale mazito yanastahili kujibiwa kwa uzito wake. La kwanza husemwa kwa hasira, na hasira hiyo ninaielewa: kumpa mtu wa Shabunda njia ya baiskeli ni kumwambia kwamba hastahili barabara, ni kuipa serikali kisingizio. Nchi inahesabu takriban kilomita 152,000 za barabara za kila aina, na zenye lami ni sehemu ndogo mno. Ofisi ya Barabara ipo tangu 1971, mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, upo tangu 2008, na mwishoni mwa muongo huohuo mhimili wa Bukavu hadi Shabunda uliwekwa miongoni mwa mihimili ya kipaumbele katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuimarisha usalama mashariki. Lori bado haliendi na kurudi. Yaani kisingizio kimekuwapo siku zote bila kusaidiwa na njia ya baiskeli. Kinachoiua barabara ya msituni kwanza ni maji yaliyosimama, kabla ya gurudumu lolote. Anayefungua mitaro na kuinua madaraja madogo kwa ajili ya baiskeli anaulinda mwili wa barabara uleule ambao lori litauhitaji, na anaufanya ufufuo wake uwe rahisi. Kudai barabara kamili kunaendelea. Anayedai akiwa na njia chini ya miguu yake hadai kwa sauti ndogo.

Pingamizi la pili linahusu usalama, na hapa maneno mepesi yangekuwa dharau. Kundi la Raia Mutomboki lilizaliwa Shabunda mwaka 2005, watu wakisema hakuna aliyewalinda. Mwezi Februari 2025 Bukavu yenyewe, pamoja na uwanja wa ndege wa Kavumu, iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Na kumbukumbu ni za nyuma zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu uhalifu uliotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003 inaitaja barabara ya Kigulube na Shabunda miongoni mwa mahali ambapo wakimbizi waliuawa mwaka 1997. Wakimbizi wengine walitembea kandokando ya reli ya Ubundu na Kisangani, wakafia kwenye kambi zilizokuwa kando ya reli hiyo. Katika nchi hii kutembea mwendo mrefu hakuna harufu ya burudani. Kwa wengi ni kukimbia. Yeyote atakayechora ramani ya njia hizi lazima ajue anachora juu ya makaburi, na baadhi ya sehemu zinastahili alama ya kumbukumbu kabla ya kibao cha kilomita.

Lakini kutoka hapo mtu akisema kwamba njia isitengenezwe kwa kuwa itapitiwa na wenye silaha, nadhani amekosea hesabu. Wenye silaha hawahitaji mitaro wala madaraja. Wanaopita kwa gogo moja na bunduki begani wanatosheka na gogo. Wanaohitaji daraja ni mama mwenye mtoto mgongoni, mgonjwa anayebebwa kwa machela na mwalimu anayekwenda kufuata mshahara wake. Tatizo halisi la kiusalama njiani ni vizuizi. Utafiti wa taasisi ya IPIS uliotolewa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya askari, vya watumishi wa serikali na vya makundi, na sehemu kubwa huwatoza watu wa kawaida na mizigo yao midogo. Kizuizi kimoja kinaweza kula faida ambayo dimbwi lililokaushwa lilikuwa limeleta. Kwa hiyo njia ya namna hii haikamiliki kwa koleo na saruji pekee. Inahitaji amri moja iliyo wazi na inayosomwa kwa Kiswahili kila mwanzo wa kipande: anayepita kwa miguu au kwa baiskeli halipi kitu. Serikali ya mkoa inaweza kuanza na vizuizi vya watumishi wake yenyewe, ambavyo viko chini ya mamlaka yake.

Pingamizi la tatu ni la msitu. Sehemu ya nyanda za chini za Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyopanuliwa mwaka 1975 na kuingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, iko ndani ya Shabunda, na historia ya Afrika ya kati inaonyesha kwamba barabara ikifunguka, msumeno na bunduki za wawindaji hufuata. Hofu hiyo ni ya haki, nayo ndiyo inayoipa njia nyembamba nafasi yake. Barabara ya lori msituni lazima ikatiwe upana mkubwa ili jua liingie na kukausha udongo. Miti inayokatwa kandoni ni mingi kuliko inayoonekana kwenye ramani. Njia ya mita mbili haitoi gogo la mbao wala haipitishi lori la mkaa. Kasoro yake ni kwamba chini ya kivuli udongo hukauka polepole, hivyo mgongo wa njia lazima uinuliwe katikati na mitaro ya pembeni iwe na kina, na pale penye kinamasi mawe au magogo yalazwe kwa kukingama. Pikipiki nazo huchimba mfereji katikati kwa tairi zao. Penye mteremko mkali inafaa zipewe mkondo wake pembeni, la sivyo mvua moja kubwa hugeuza alama ya tairi kuwa korongo.

Swali la nani afanye kazi hii lina jeraha la zamani. Njia hizi zilijengwa kwa shuruti, kisha miaka ya Mobutu ikaleta salongo, kazi ya pamoja ya lazima, na watu wengi wakiambiwa leo watoke na majembe kwa ajili ya barabara wanasikia sauti ileile. Matengenezo yalipwe. Kongo ina utaratibu wake unaojulikana: kamati za wenyeji za kutunza barabara, ambapo kila kijiji hupewa kipande chake, na wafanyakazi wake, wenye sururu, panga, koleo na toroli, hulipwa kwa kipande kilichokaguliwa. Utaratibu huo unafaa zaidi njia ya miguu kuliko barabara ya lori, kwa sababu hauhitaji greda ambayo itaharibika Burhale na kukosa kipuri. Fedha nazo zina mahali pa kuanzia. FONER hupata sehemu ya mapato yake kwenye mafuta, na kila lita ya petroli inayouzwa kihalali kwa mwenye pikipiki anayepita Kigulube imebeba tozo hiyo. Analipia matengenezo ya barabara, ila ya kwake haimo kwenye orodha ya zinazotengenezwa. Kuiingiza kwenye orodha, kwa jina lake na kwa upana wake halisi wa mita mbili, ni jambo ambalo wabunge wa Shabunda wanaweza kulidai katika kikao kimoja cha bajeti.

Kabla ya bajeti inahitajika hesabu. Wapitaji wa kila siku wanajua kila dimbwi na kila gogo kati ya Burhale na Shabunda. Ujuzi huo uko vichwani mwao na haumo kwenye ofisi yoyote. Mkuu wa wilaya, pamoja na watemi wa Bakisi na Wakabango, wawatume vijana wawili wawili kwa kila kipande waandike mahali ambapo mwenye baiskeli analazimika kuushusha mzigo, urefu wa dimbwi kwa hatua, upana wa mto kwa kamba. Orodha hiyo inagharimu madaftari, kalamu na posho ya siku chache, na inaweza kukamilika ndani ya kiangazi kimoja, kati ya Juni na Agosti, kabla mvua za Septemba hazijaanza.